Sura ya Tano: Moto Haufinyangi Peke Yake

Kuna maneno yanayorudiwa karibu kila panapozungumzwa vyombo vya Kijapani vilivyochomwa kwa kuni: kwamba mfinyanzi huumba chombo, kisha hukikabidhi kwa moto, na moto ndio unaoikamilisha kazi. Mtungi wa Shigaraki ambao bega lake limefunikwa kioo cha kijani kinachoshuka hadi kiunoni huelezwa kuwa zawadi ya bahati. Sahani ya Bizen yenye michirizi myekundu huelezwa kuwa ajali njema. Maneno hayo yanapendeza, na yana ukweli kiasi, maana hakuna mfinyanzi awezaye kuamua kila chembe ya majivu itue wapi. Lakini yakichukuliwa kuwa maelezo kamili ya sanaa hii, yanapotosha. Dai la sura hii ni kwamba kinachoitwa bahati ya moto ni maarifa ya watu, yaliyokusanywa kwa karne nyingi, ambayo huiwekea bahati mipaka kabla tanuri halijawashwa. Anayeupa moto sifa yote anamdhulumu mfinyanzi, na zaidi ya hapo anashindwa kueleza kwa nini baadhi ya vyombo hivi viliwahi kutoweka, na vilirudi kwa njia gani.

Tuanze na jinsi kioo kinavyozaliwa. Udongo wa mfinyanzi una silika na alumina kwa wingi. Silika ikiwa peke yake huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,700 za Selsiasi, joto ambalo tanuri la kuni halilifikii. Lakini ikikutana na kalsiamu, potasiamu na magnesiamu, huanza kuyeyuka mapema zaidi, karibu na nyuzi 1,200, na madini hayo ndiyo yaliyomo katika majivu ya kuni. Mwali unaovutwa kuelekea kwenye dohani hubeba majivu mepesi na kuyatua juu ya mabega ya mitungi. Joto likiendelea kupanda, majivu hushikana na uso wa udongo, huyeyuka pamoja nao, na yakipoa hubaki kioo. Utando huo wa kioo ndio glezi. Inaweza kutiwa kwa makusudi kabla ya kuchoma, kwa kukichovya chombo katika uji wa majivu, udongo na mawe yaliyosagwa. Au inaweza kujitengeneza tanurini kutokana na majivu yanayopeperuka, nayo huitwa glezi ya asili. Chuma kidogo kilichomo katika majivu na udongo huamua rangi. Hewa ikiwa tele, glezi huelekea manjano au kahawia; hewa ikibanwa, moto huinyang'anya oksidi ya chuma sehemu ya oksijeni yake, na rangi hugeuka kijani au samawati. Yote hayo ni kemia, lakini angalia mambo yanayoiongoza kemia hiyo: ni mti upi uliochomwa, udongo umechimbwa wapi, chombo kimepangwa sehemu gani, kuni zinatupwa kwa mwendo gani, hewa inaingia kiasi gani, moto unawaka siku ngapi, na tanuri linapozwa haraka au taratibu. Kila moja ya hayo huamuliwa na mtu.

Ujuzi wa kulifikia joto la namna hiyo haukuanzia Japani. Katika karne ya 5 wafinyanzi kutoka rasi ya Korea walileta gurudumu la kufinyangia na tanuri la handaki lililochimbwa kwenye mteremko, ambalo Wajapani huliita anagama. Tofauti iliyoletwa na tanuri hilo inaeleweka vizuri na msomaji wa Afrika Mashariki. Vyungu vingi vya kwetu huchomwa kwa moto wa wazi, ambao kwa kawaida hauzidi nyuzi 1,000. Kwa hiyo majivu hubaki majivu, na uzuri wa uso hutafutwa kwa kuusugua kwa kijiwe laini kabla ya kuchoma. Katika handaki lenye mdomo chini na dohani juu, joto lilipita nyuzi 1,000 na kuendelea, na vyombo vya kijivu vilivyoitwa sueki vilianza kutoka na madoa ya kioo mabegani. Hapo bahati ilikuwapo kweli. Lakini kufikia karne ya 9, wafinyanzi wa Sanage, katika vilima vilivyo mashariki ya Nagoya, walikuwa wakiyachanganya majivu wenyewe na kuyapaka kwenye vyombo. Walikuwa wameliona doa, wakaulizana lilikotoka, wakalijua, kisha wakalifanya kwa mikono yao. Karne chache baadaye wafinyanzi wa Seto, waliovitamani vyombo vya China vilivyokuwa vikiingia kwa meli, waliupeleka ujuzi huo mbele kwa glezi za majivu na za chuma. Vituo vingine vitano vikubwa vya zama hizo, yaani Tokoname, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen, viliendelea na vyombo visivyopakwa kitu. Mtaalamu Koyama Fujio aliviunganisha vituo hivyo na Seto kwa jina la Matanuri Sita ya Kale, na mwaka 2017 vyote sita viliorodheshwa pamoja kuwa urithi wa Japani.

Katika vituo hivyo visivyopaka glezi ndimo hoja ya bahati hutafuta ngome yake, na ndimo inapostahili kupimwa. Chukua Bizen, ambako wafinyanzi wa Inbe, mkoani Okayama, hawapaki glezi hata kidogo. Udongo wao mashuhuri, hiyose, huchimbwa chini ya mashamba ya mpunga. Ni laini, una chuma kingi, na hunywea sana; joto likipandishwa haraka hupasuka. Kwa hiyo moto huchochewa polepole, mara nyingi kwa siku 10 hadi 14, kwa kuni za msonobari mwekundu ambao utomvu wake hutoa mwali mrefu. Ndani ya tanuri kila nafasi ina tabia yake, na mpangaji anaijua. Vyombo vilivyo karibu na mdomo wa moto hupokea majivu mengi na kutoka na vidoa vya manjano viitwavyo goma. Vilivyofukiwa na makaa hukosa hewa na kupata kijivu na buluu iliyokolea. Vilivyowekwa ndani ya vyombo vikubwa havifikiwi na majivu. Vyombo hivyo huzungushiwa mabua ya mpunga ili visigandane, na kila palipogusa bua huota mstari mwekundu unaoitwa hidasuki. Kundi la wanakemia likiongozwa na Yoshihiro Kusano liliichunguza mistari hiyo na kuchapisha muhtasari wa kazi yake mwaka 2010. Walionyesha kwamba potasiamu ya mabua huufanya uso wa udongo uyeyuke mahali ulipoguswa. Katika kimiminika hicho huota fuwele za alumina, na juu ya fuwele hizo chuma cha udongo hujipanga kuwa hematiti, madini yenye wekundu. Walionyesha pia kwamba mwendo wa kupoza na kiasi cha oksijeni hubadilisha matokeo. Mfinyanzi wa karne ya 16 hakulijua jina la potasiamu. Alijua, hata hivyo, bua liwekwe wapi, chombo kifichwe namna gani, na tanuri lifungwe kwa muda gani kabla ya kufunguliwa. Huo ni ujuzi uliokamilika katika kazi, hata kama maelezo yake yalingoja maabara.

Upande wa glezi za kupaka, mkono wa mtu unaonekana waziwazi zaidi. Majivu ya mabua ya mpunga yana silika nyingi kuliko majivu ya kuni, na wafinyanzi wa Karatsu waliyatumia kupata glezi nyeupe yenye ukungu. Shaba ikichomwa katika hewa tele hutoa kijani kibichi, na ndiyo kijani cha vyombo vya Oribe vilivyotengenezwa Mino, katika mkoa wa leo wa Gifu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni bakuli jeusi liitwalo Seto-guro. Bakuli hilo hupakwa glezi yenye chuma, na joto linapofika kileleni, glezi ikiwa bado inatiririka, mfinyanzi hulikamata kwa koleo na kulitoa nje. Linapoa ghafla hewani na kuwa jeusi tititi. Bakuli hilohilo, lenye glezi hiyohiyo, likiachwa tanurini lipoe taratibu, hutoka kahawia. Moto haukubadilika, udongo haukubadilika, na majivu hayakubadilika; kilichoamua weusi ni mtu aliyejua dakika ya kunyoosha koleo.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka hapohapo Mino, katika historia ya vyombo vya Shino. Hivi vilitengenezwa kwa miongo michache tu, mwishoni mwa karne ya 16 na mwanzoni mwa karne ya 17, kwa glezi nene nyeupe ya jiwe la feldispa lililosagwa, yenye vitundu vidogo na wekundu unaochungulia chini yake. Kisha matanuri mapya ya vyumba vingi yakaingia, mitindo ikabadilika, na Shino ikatoweka kwa karibu miaka 300. Hata mahali ilikotengenezwa pakasahauliwa, na watu wakaamini ilitoka Seto. Mwaka 1930 mfinyanzi Arakawa Toyozō, baada ya kuliona bakuli la kale la Shino huko Nagoya, alikwenda kupekua mabaki ya matanuri ya Mino, na katika eneo la Mutabora akaokota gae lenye picha ya chipukizi la mwanzi, mfano wa ile aliyoiona kwenye bakuli. Miaka michache baadaye alijenga tanuri la kale karibu na hapo na kuanza kutafuta namna ya kuirudisha Shino. Haikumjia mara moja. Ilimbidi ajifunze upya, kwa kujaribu na kukosa, jiwe lipi lifae, glezi iwe nene kiasi gani, moto uchukue muda gani, na tanuri lipoe kwa utaratibu upi. Tuyapime mambo hayo kwa makini. Kwa miaka yote 300 vilima vya Mino vilikuwa na udongo wake, feldispa yake na misonobari yake, na moto ulikuwa moto uleule. Kama moto ndio fundi, Shino isingetoweka. Ilitoweka kwa sababu waliokuwa wakiijua walikufa bila kuirithisha, na ilirudi pale mtu mmoja alipoyachukua magae kuwa walimu wake. Vivyo hivyo mfinyanzi Kaneshige Tōyō aliirudishia Bizen hadhi yake kwa kuuchunguza upya udongo na uchomaji wa wahenga wake, baada ya kipindi kirefu ambacho mji huo ulitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kutengeneza sanamu ndogo na bidhaa za kawaida.

Anayeitetea bahati ana hoja tatu nzito, na kila moja inastahili jibu. Ya kwanza inatoka katika historia: mitungi ya kale ya Shigaraki na Tokoname ilikuwa vifaa vya wakulima na mahekalu, vya kuhifadhia mbegu, maji au maandiko ya Kibudha yaliyozikwa ardhini. Aliyeifinyanga hakuwa akitafuta mchirizi wa kijani begani. Mchirizi ulikuja wenyewe. Hilo ni kweli, na sina sababu ya kulipinga. Lakini linathibitisha kwamba majivu yalianza kama jambo la pembeni, halithibitishi kwamba uzuri huo ulijileta hadi kwenye chumba cha sherehe ya chai. Kati ya mtungi wa mbegu na chombo cha kuheshimiwa palikuwa na kazi nyingine ya maarifa, kazi ya jicho. Mwalimu wa chai Murata Jukō, aliyefariki mwaka 1502, alikwisha kuonya katika barua kwa mwanafunzi wake kwamba wanaoanza kujifunza njia ya chai hukimbilia vyombo vya Bizen na Shigaraki ili waonekane wamekomaa, ilhali jicho lao bado halijafunzwa. Onyo hilo lingekosa maana kama uzuri wa vyombo hivyo ungekuwa wazi kwa kila apitaye. Karne moja baadaye, katika zama za mabingwa wa chai Sen no Rikyū na Furuta Oribe, jicho hilo lilikwisha kurudi tanurini: vyombo vya chai viliagizwa na kuchomwa makusudi ili vipate ufa, mpindo na kioo kilichokuwa hapo awali kikija bila kuitwa. Kwa hiyo hata pale bahati ilipotangulia, maarifa ndiyo yaliyoitambua, yakaichagua, yakaiita irudi.

Hoja ya pili ni ya kiroho, na msemaji wake mkubwa ni Yanagi Sōetsu, aliyeanzisha mwaka 1936 Jumba la Sanaa za Watu wa Japani jijini Tokyo. Yanagi aliamini kwamba uzuri wa kweli wa vyombo hutoka katika nguvu iliyo nje ya nafsi ya fundi, na kwamba fundi asiyejitafutia jina huupokea uzuri huo kuliko msanii anayejitangaza. Wafinyanzi wengi wenyewe huzungumza kwa unyenyekevu wa namna hiyo, na kabla ya kuwasha tanuri huweka chumvi na pombe ya mchele mbele ya mungu wa moto. Sitaki kuubeza unyenyekevu huo, kwa kuwa ni sehemu ya adabu ya kazi na humzuia mtu asijivune. Lakini unyenyekevu wa anayejua haufanani na kutojua. Mkulima huomba mvua, wala hadai kuwa yeye ndiye aliyeinyesha. Hata hivyo ndiye aliyechagua mbegu, akalima kwa wakati, akapalilia, na shamba la jirani yake asiyefanya hayo halivuni chochote kwa mvua ileile. Yanagi mwenyewe alisifu miaka mingi ya kurudia kazi moja hadi mkono uifanye bila kusitasita, na katika hilo anatuunga mkono, maana marudio hayo ndiyo maarifa. Alipokosea, nadhani, ni pale alipoyaona maarifa yaliyozama katika mkono kuwa si ya mtu mwenyewe.

Hoja ya tatu ni ya wakati wetu. Inasema: kama ni maarifa tu, basi tanuri la gesi linatosha. Majivu yanaweza kunyunyizwa, hewa inaweza kubanwa kwa kufunga vali, na joto linaweza kusomwa kwenye kipimo. Ya nini kuteketeza tani kadhaa za kuni kwa mchomo mmoja na kuwafukiza majirani? Jiji la Kyoto lilikwisha kulijibu swali hilo kwa vitendo, kwani kufikia miaka ya 1970 moshi uliwafanya wafinyanzi wake wayaache matanuri ya kuni. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Mjuzi mwenye tanuri la gesi hutengeneza vyombo bora kuliko asiyejua mwenye anagama, na jambo hilo linaliimarisha dai langu badala ya kulidhoofisha. Lakini kuni zina jambo ambalo kunyunyiza hakulitoi. Majivu na mvuke wa potasiamu hupita kati ya vyombo kwa siku nyingi, kutoka upande mmoja, vikizuiwa na chombo hiki na kugeuzwa na kile, hadi kila kimoja kinabeba alama ya mahali kilipokaa na ya majirani zake. Kuyatabiri hayo ni elimu ya kupanga, kuchochea na kusikiliza, na elimu hiyo hujifunzwa pale tu inapohitajika. Ikiwa kuna sababu ya kulitunza tanuri la kuni, basi ni kwamba lenyewe ni shule. Sababu hiyo inatosha kuhalalisha michomo michache iliyopangwa vizuri. Haitoshi kuhalalisha moshi wa kujionyesha.

Kuna upande wa haki katika jambo hili, na ndio unaonifanya nilishikilie. Wahenga wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni: anayewafinyangia wengine vyombo vizima hubaki kula katika kilichovunjika. Sifa zikipewa moto, methali hiyo inatimia mara ya pili, kwa kuwa fundi hunyimwa hata jina la kazi yake. Wanaosahauliwa ni wengi. Kati ya mwaka 1592 na 1598 majeshi ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, yaliivamia Korea, na mabwana wa Kyushu na magharibi ya Japani wakarudi na wafinyanzi mateka. Vyombo vya Hagi, Satsuma na Arita vina mizizi katika mikono yao, na ni wachache tu, kama Yi Sam-pyeong wa Arita, ambao majina yao yamehifadhiwa. Huko Inbe, katika matanuri makuu ya jumuiya, moja likiwa na urefu wa zaidi ya meta 50, makundi ya watu walipanga, walipasua kuni na walikesha zamu baada ya zamu. Linganisha na tunavyomzungumzia mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Katika miaka ya 1970 alijifunza Abuja, Nigeria, katika kituo alichokianzisha Michael Cardew, mwanafunzi wa Bernard Leach, ambaye naye alijifunza ufinyanzi Japani. Kutoka katika ukoo huo uliojaa glezi, Odundo alichagua kutotumia glezi; husugua udongo hadi ung'ae, kisha huchoma tena baadhi ya vyombo katika moshi mzito hadi viwe vyeusi. Mawimbi ya weusi huo hayawezi kupangwa yote. Lakini hakuna anayesema kwamba moshi ndio uliovitengeneza. Tunasema ni vyombo vya Odundo, na tunasema kweli. Mfinyanzi wa Shigaraki anastahili kipimo hichohicho.

Japani yenyewe, ilipolazimika kuamua ni kitu gani cha kulinda, ilikataa kuuchukua moto kuwa fundi. Sheria yake ya kulinda mali za utamaduni ya mwaka 1950, baada ya kurekebishwa, iliwezesha taifa kuutambua ujuzi wenyewe pamoja na watu wanaoushika. Katika uteuzi wa kwanza wa mwaka 1955, Arakawa Toyozō alitambuliwa kwa Shino na Seto-guro, na mfinyanzi Hamada Shōji kwa vyombo vya sanaa za watu. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Kaneshige Tōyō kwa Bizen. Watu huwaita Hazina Hai za Taifa. Uteuzi huo una mapungufu, kwa kuwa humwinua mmoja katika kazi inayofanywa na wengi, lakini umekiona kilicho cha msingi: tanuri likibomoka hujengwa upya, msonobari ukikatwa hupandwa mwingine, ila ujuzi ukikatika, kuurudisha huchukua nusu ya maisha ya mtu, na huenda usirudi wote. Anayeupenda mtungi wenye kioo cha kijani begani, basi, asiishie kuustaajabia moto. Aulize nani aliupanga, nani alichochea, alifundishwa na nani, na leo anamfundisha nani. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua kama miaka 100 ijayo majivu ya msonobari yataendelea kugeuka kioo, au yatabaki majivu tu.